Tulichokingoja Mishamo

Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978 katika pori la miyombo wilayani Mpanda, kwa kuwa Ulyankulu ilikuwa imeshajaa. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilianzishwa 1972, na Katumba, jirani na mji wa Mpanda, mwaka uliofuata. Makazi haya matatu ndiyo yaliyowachukua wengi wa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka ule wa 1972, pale uasi uliozuka Aprili 29 kusini mwa Burundi ulipojibiwa na serikali ya Michel Micombero kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari, makarani, wachungaji, askari. Makadirio ya chini ya waliouawa ni watu 100,000, na yapo yanayofika 200,000 na kuzidi. Wazazi wangu walitoka Nyanza-Lac, kando ya ziwa, nchi ya michikichi. Waliingia Kigoma, kisha serikali ikawapeleka mbali na mpaka, hadi Ulyankulu, na huko nikazaliwa mimi mwaka 1975.

Habari zetu siku hizi husimuliwa kuanzia Oktoba 2014, vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa. Picha zinaonyesha watu wanacheka wameshika karatasi, na chini yake pameandikwa kwamba Tanzania imewapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 kwa mara moja, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya. Ni kweli, nami nalishukuru kwa moyo wote. Lakini aliyeanzia hapo hajui tulichokuwa tunakingoja. Tulingoja mara mbili, na kitu tulichokingoja mara ya kwanza sicho tulichokingoja mara ya pili. Nataka kueleza jinsi kimoja kilivyogeuka kuwa kingine.

Ulyankulu ilipangwa kwa barabara zenye namba, na namba hizo zikawa majina ya mahali. Msikilizaji wa kwaya za injili Tanzania analifahamu jina la Barabara ya 13, kwa sababu nyimbo za kwaya ya huko ziliimbwa nchi nzima, kwenye mabasi na kwenye harusi, na watu waliozipenda nyimbo zile wengi wao hawakujua kwamba zinatoka kwenye makazi ya wakimbizi. Ardhi na maji ya Ulyankulu havikutosha, ndipo likafunguliwa pori la Mishamo na familia nyingi zikahamishwa, yetu ikiwemo. Tulikuta simba, tembo na mbung'o. Kila familia ilipewa kiwanja cha hekta 5, jembe, panga na mbegu, na chakula cha msaada hadi mavuno yatakapotosha. Serikali ilikuwa na mkuu wa makazi, Umoja wa Mataifa ulitoa fedha, na shirika la makanisa ya Kilutheri lililoitwa TCRS lilichimba visima, likapasua barabara, likajenga shule na zahanati. Vijiji vilikuwa 16. Kufikia 1985 Mishamo ilijilisha yenyewe, wafadhili wakaikabidhi kwa serikali.

Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya kazi hii, na aliistahili. Nchi maskini ilitoa ardhi kwa watu wasio wake na kuwaachia walime. Walioonja kambi za miaka ya baadaye, ambako mtu haruhusiwi hata kulima bustani ya mchicha na hungoja mgawo wa unga mwaka baada ya mwaka, wanajua tofauti yake. Hata hivyo ardhi ile ilikuwa na ua usioonekana. Kutoka makazini kulihitaji kibali. Kwenda hospitali Mpanda, kibali. Kumzika shangazi Katumba, kibali, na shangazi hakungoja mkuu wa makazi arudi kutoka safari. Mtoto aliyefaulu kwenda sekondari alikwenda na kibali, na akirudi likizo alikirudisha ofisini.

Baba hakulalamikia vibali. Kwake kibali kilithibitisha kwamba yeye ni mgeni, na mgeni hurudi kwao. Jioni, baada ya chakula, alitukaririsha mipaka ya shamba letu la Nyanza-Lac. Upande wa mashariki kijito, na jina la kijito. Upande wa kaskazini shamba la fulani, aliyeoa kwa fulani. Michikichi mingapi mbele ya nyumba, njia ya kwenda ziwani inapita wapi. Kaka yangu mkubwa, aliyezaliwa kule, aliyataja haya kwa upesi kuliko jedwali la kuzidisha. Mimi niliyakariri kama somo la shule, maana sikuwahi kuona hata mchikichi mmoja wa pale. Kama baba walikuwa wengi. Kule Mishamo ndiko Palipehutu, chama cha siasa cha Wahutu waliokuwa uhamishoni, kilikozaliwa mwaka 1980. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa nasi Mishamo miaka ya 1985 na 1986, akaenda pia Kigoma mjini kuwaona Warundi waliojichanganya huko. Aliyoyaandika katika kitabu chake cha 1995 yananifundisha hadi leo. Kigoma mjini watu walioa na kuolewa na wenyeji, wakafanya biashara, wakaacha kuulizana ulitoka wapi. Mishamo watu waliushikilia ukimbizi. Waliona kwamba mtu anayekuwa Mtanzania amekubali kupokonywa Burundi, na kwamba mateso ya pori yalikuwa yanawatengeneza kuwa taifa litakalorudi.

Sasa fikiri: mwaka 1985 hali ni hiyo, na mwaka 2007, walipohesabiwa watu wa makazi yote matatu wapatao 218,000 na kuulizwa wanataka kurudi au kubaki, karibu asilimia 80 walisema tunabaki. Makazi ni yaleyale, familia ni zilezile. Miaka 22 ilifanya nini?

Jibu jepesi ni watoto. Kufikia hesabu ile, watu wanane kati ya kumi walikuwa wamezaliwa Tanzania. Lakini watoto peke yao hawakutosha kumgeuza mzee kama baba yangu. Kilichomgeuza ni Oktoba 1993. Juni ya mwaka huo Melchior Ndadaye alikuwa ameshinda uchaguzi, Mhutu wa kwanza kuwa rais wa Burundi, na Mishamo ilikesha ikisikiliza redio. Watu waliuza mbuzi. Wengine waliuza mabati ya nyumba zao na kutangulia. Baba alitengeneza sanduku jipya la mbao. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimuua Ndadaye, hajamaliza hata miezi minne madarakani, vita vikaanza, na waliotangulia wakarudi Tanzania kama wakimbizi kwa mara ya pili, safari hii wakaangukia kambi mpya za Kigoma, zisizo na ardhi. Baba alifariki 1998. Miaka mitano ile ya mwisho hakutuuliza tena mipaka ya shamba. Hakusema ameacha kungoja. Aliingia tu kwenye tumbaku, akajenga bani la pili la kuikaushia, akajiandikisha chama cha msingi cha ushirika, ambacho kwa miaka mingi alikuwa akikiita mambo ya wenye nchi. Mimi nikawa karani wa chama hichohicho, nikiandika kilo na madaraja siku za soko, kazi iliyonifanya nijulikane kwa mwandiko.

Mkataba wa amani wa Arusha ulisainiwa Agosti 2000, Burundi ikafanya uchaguzi 2005, na sababu ya kuwa mkimbizi wa 1972 ikaanza kuisha. Serikali ya Tanzania, serikali ya Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi zikakubaliana mwaka 2007: anayetaka kurudi asaidiwe kurudi, anayetaka kubaki aombe uraia wa tajnisi, kisha makazi yafungwe. Si mara ya kwanza kwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000, waliokimbia kwao tangu 1959, walikuwa wameruhusiwa kuwa raia, na baadhi yao waliishi Mwese, hukohuko wilayani Mpanda. Na Wasomali wenye asili ya Kizigua, waliowekwa Chogo wilayani Handeni katika nchi walikotoka mababu zao waliouzwa utumwani, nao walifunguliwa mlango huohuo.

Nyumbani kwetu swali liligawa watu. Kaka mkubwa alisema Burundi. Mama alisema hapa. Alimwambia, "Mwanangu, wewe nenda ukaone shamba la baba yako, ukiliona niletee habari. Mimi nimezika hapa watu wangu wengi kuliko niliowaacha kule." Mimi na dada zangu tukabaki na mama. Zaidi ya watu 50,000 walirudi, wengi wao 2008 na 2009, kaka akiwa mmoja wao. Alipofika Nyanza-Lac aliukuta mpaka wa kila upande kama alivyoukariri, kijito kipo, na ndani ya mipaka kuna familia nyingine iliyokaa hapo zaidi ya miaka 30. Burundi ilikuwa imeunda tume ya ardhi mwaka 2006, na katika miaka ile desturi yake ilikuwa kuwapatanisha watu wagawane. Akapata nusu. Anaishi hapo hadi leo na jirani yake wanalimiana.

Kuhusu sheria ni lazima niseme jambo, kwa sababu watu wengi waliotupongeza hawakulijua. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, kifungu cha 5, ikisomwa kama ilivyoandikwa, humfanya mtoto aliyezaliwa nchini kuwa raia wa kuzaliwa, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia au wa adui anayeikalia nchi. Wanasheria waliokisoma kifungu hicho wameliona hilo na kuliandika. Utekelezaji ukawa mwingine: mtoto ambaye hana hata mzazi mmoja raia amehesabiwa kuwa si raia. Kwa hiyo watu wanane kati ya kumi, waliozaliwa Tabora na Mpanda, waliosoma darasa la kwanza kwa Kiswahili na kuuimba wimbo wa taifa kila asubuhi mstarini, walitakiwa kuomba kuingia mahali ambapo walikuwa hawajawahi kutoka. Si neno dogo. Raia wa tajnisi hawezi kugombea urais, na uraia wake waweza kufutwa kwa sababu ambazo haziwezi kumgusa raia wa kuzaliwa. Mimi niliyezaliwa Ulyankulu niko upande huo wa mstari mpaka kufa.

Kwa mtu wa kawaida njia ya tajnisi ni ndefu. Sheria inataka awe ameishi nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na miaka isiyopungua 7 katika ile 10 iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Aonekane ana mchango kwa uchumi, sayansi au utamaduni. Hutangaza nia yake gazetini mara mbili ili mwenye pingamizi ajitokeze. Faili hupanda kutoka ngazi ya chini kwenda wilaya, mkoa, makao makuu ya Uhamiaji, hadi mezani kwa waziri, na waziri halazimiki kutoa sababu akikataa. Kwetu njia ilifupishwa, maofisa wakaja makazini wenyewe mwaka 2008. Fomu zilikuja kwa maboksi. Watu wakakumbuka mwandiko wa karani wa tumbaku.

Kazi ngumu ilikuwa tarehe za wazee. Mzee anakuja, anaketi, unamwamkia, unauliza alizaliwa lini, naye anakujibu kwa historia. Huyu alikuwa ananyonya siku Mwanamfalme Rwagasore wa Burundi alipouawa: basi ni 1961. Huyu alikuwa mchungaji wa ng'ombe siku ya uhuru wa Burundi, 1962, na mchungaji wa ng'ombe hapungui miaka saba, kwa hiyo tunaandika 1955. Bibi mmoja alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa nyingi na Wabelgiji walikuwa bado wapo. Tulikadiria kwa mtoto wake wa kwanza. Niliandika kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa nilijua karatasi ile itamhukumu. Kisha ikafika fomu ya kuukana uraia wa Burundi, maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hapo wazee walinyamaza. Wengine waliomba waende kwanza wakarudi kesho. Mama alitia dole gumba bila kusita, kisha siku ile hakula.

Aprili 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa. Kengele za makanisa ziligongwa. Lakini vyeti havikutolewa. Sharti lililowekwa ni kwamba raia wapya wahame makazini, wasambazwe katika mikoa 16, na cheti mtu atakipokea huko aendako. Serikali ilieleza hoja yake, nami sitaibeza: haikutaka kubaki na eneo zima la watu wa asili moja, lenye historia ya chama kama Palipehutu, katikati ya nchi iliyojijenga kwa kuchanganya makabila. Mwenye nchi ana haki ya kuwaza hivyo. Lakini ujumuishaji uliokusudiwa ulikuwa umeshafanyika wenyewe, bila mpango wa mtu. Wanunuzi wa mahindi na maharage walikuja Mishamo kutoka Sumbawanga na Kigoma. Wasukuma waliingia na ng'ombe wao. Vijana wetu walioa Wabende na Wafipa. Kumtoa mkulima kwenye hekta zake 5, alizozing'oa visiki kwa mikono, na kumpeleka wilaya ambayo madiwani wake wanasema hawana ardhi ya kutosha hata kwa watu wao, ni kumfanya mkimbizi kwa mara nyingine siku ileile anayoambiwa ukimbizi umekwisha.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote, na katika masimulizi ya siku hizi hupewa sentensi moja. Burundi tulikuwa tumeikana kwa saini. Hadhi ya ukimbizi ilikuwa imefutwa na tangazo. Cheti hakipo. Kijana aliyeomba kazi Mpanda aliulizwa kitambulisho akakosa cha kutoa. Kibali cha kutoka makazini kiliendelea kudaiwa na baadhi ya askari barabarani, wakati ofisi iliyokitoa inasema nyinyi ni raia, hamhitaji kibali. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulitupita. Shule haikupakwa chokaa, kisima kilichoharibika hakikutengenezwa, kwa kuwa nani atengeneze kisima cha mahali panapofungwa? Kwetu tuliambiwa tusipande mazao ya muda mrefu. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, na muhogo ndio unaomvusha mtu wa Mishamo mvua inapokosea. Watu wakapanda nusu nusu, kwa kuogopa. Wengine waliuza mabati, kama ilivyokuwa 1993. Chama chetu cha msingi kilishindwa kupata pembejeo kwa mkopo msimu mmoja, kwa sababu mkopeshaji alitaka kujua wakulima hawa watakuwa wapi wakati wa mavuno, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Agosti 2011 uhamishaji ulisimamishwa. Hata hivyo vyeti havikuja mara moja. Desemba 2012 kambi ya Mtabila kule Kasulu ilifungwa, na Warundi wa wimbi la baadaye wakarudishwa kwao kwa malori. Mishamo ikatetemeka. Nakumbuka wazee walivyokuja chamani kuuliza kama majina yao "bado yapo". Yapo wapi, mzee? "Huko Dar es Salaam, kwenye kitabu." Sikuwa na kitabu chochote cha kuwaonyesha, nikawa nawasomea nakala za fomu nilizojaza 2008, jina, mwaka, kijiji, na wakaondoka wametulia kidogo.

Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kutoa vyeti, sharti la kuhama likawa limeondolewa. Watu waliruhusiwa kukaa walipo. Hapa namshukuru kwa jina, maana kurudi nyuma kwenye uamuzi uliokwisha kutangazwa ni jambo gumu kwa serikali yoyote. Miezi iliyofuata timu zilipita Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watu waliitwa kwa majina, wakala kiapo cha utii, wakapokea cheti chenye picha iliyopigwa miaka sita nyuma. Watoto kwenye picha walikuwa wanaume wenye ndevu sasa. Katika kijiji chetu wapo walioitwa wakajibiwa na kimya, kisha jirani akasema, "Huyo tulimzika mwaka juzi, afande." Mwaka 2015 tukapanga foleni ya kupiga kura kwa mara ya kwanza, mama akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na msimamizi wa kituo, kijana mdogo kabisa, akampisha mbele na kumwita bibi.

Cheti hakikumaliza kila kitu. Hekta zile 5 hazikugeuka kuwa mali yetu kwa hati siku tulipokuwa raia. Ardhi ya makazi ilibaki ardhi ya makazi, na mtu akitaka kuiwekea rehani au kuigawia watoto bado anagonga milango ya ofisi zaidi ya moja. Wapo pia Warundi wa 1972 ambao hawakuwahi kuingia makazini, wapatao 22,000 waliojikalia wenyewe vijijini mkoani Kigoma, ambao faili zao zilishughulikiwa kando na nyuma ya zetu. Na wapo waliokuwa masomoni au kibaruani mbali siku ya hesabu ya 2007. Mpwa wangu ni mmoja wao. Alikuwa Tabora, kwenye mashamba ya watu, na jina lake halikuandikwa kwenye kaya ya mama yake. Mdogo wake ni raia, ana kitambulisho cha taifa, anauza simu Mpanda. Yeye ana barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya mchungaji, kadi ya kliniki iliyofifia, na nakala ya fomu aliyoipeleka tena. Kadi ile nimeikopi kwa mkono wangu, wino ukiwa bado unasomeka, na wiki ijayo tunakwenda naye Mpanda kuuliza.